Karakana Iliyojaa Si Karakana Ifanyayo Kazi

Katika chuo cha maafisa tulifundishwa mambo mengi: kusoma ramani, kupanga ulinzi, kuongoza kikosi usiku na kutoa amri kwa maneno machache yasiyoacha shaka. Lakini siku nilipokabidhiwa karakana ndogo ya magari, nikiwa luteni ambaye nyota zake hazijapata vumbi, niliona mara moja kwamba elimu ile peke yake haikutosha. Mbele yangu walisimama mafundi kumi na wawili. Nyuma yao yalisimama magari ishirini na sita mabovu. Na ukaguzi mkubwa ulikuwa umetangazwa kufanyika baada ya wiki sita.

Nilifanya jambo ambalo afisa yeyote mwenye haraka angalilifanya. Niliamuru magari yote ishirini na sita yaingizwe karakanani siku moja, na kila fundi akabidhiwe mawili au matatu, ili pasiwe na mtu wa kukaa bure. Moyoni nilijisifu. Uwanja ulijaa, nyundo zililia tangu asubuhi hadi jioni, na kila mgeni aliyepita langoni alisema kwamba hapa kweli watu wanafanya kazi.

Baada ya wiki tatu hakuna hata gari moja lililokuwa limetoka. Fundi alipokosa kipuri cha gari lake la kwanza alihamia la pili. Alipokosa kipuri cha la pili alikwenda kukifungua katika gari la mwenzake. Asubuhi zilipita watu wakitafutana spana. Magari yaliyokuwa na ubovu mmoja sasa yalikuwa na ubovu wa aina tatu, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kipuri gani ni cha gari gani.

Usiku mmoja askari wetu alishikwa na ugonjwa wa ghafla wa tumbo. Gari la wagonjwa, ambalo siku tatu kabla lilikuwa zima, halikuwaka, kwa sababu stata yake ilikuwa imefunguliwa na kutiwa katika lori ambalo nalo halikuwa tayari. Tulimbeba ndugu yetu kwa machela hadi barabara kuu, na hapo tukasimamisha lori la mchuuzi wa ndizi ambalo ndilo lililomfikisha hospitali. Alipona, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Asubuhi yake sajini wa karakana, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka ishirini, aliingia ofisini mwangu, akapiga saluti, akasema, "Afande, karakana iliyojaa si karakana ifanyayo kazi."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya namna watu na kazi zinavyoongozwa viwandani, na nimeona kwamba kosa langu ni la zamani, na waliolifanya kabla yangu wengine walikuwa wakuu kuliko mimi. Katika makala haya napenda kuwasimulia wasomaji, hasa wenzangu wa jeshi na wa polisi walio na karakana, bohari au ofisi chini ya amri yao, baadhi ya niliyoyapata.

SAA YA KUPIMIA NA MGOMO WA WASUBU CHUMA

Mfano wa kwanza unatoka katika kiwanda cha jeshi lenyewe. Karibu na mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, palikuwa na kiwanda cha zana za vita kilichoitwa Watertown, kilichoanzishwa mwaka 1816. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza viweko vya mizinga mikubwa ya kulinda pwani. Wakuu wake walikuwa maafisa wa jeshi, lakini mafundi wake walikuwa raia.

Wakati ule jina la Frederick Winslow Taylor lilikuwa limevuma sana. Bwana huyu alizaliwa Philadelphia mwaka 1856, akaanza kazi katika kiwanda cha chuma cha Midvale mwaka 1878, akapanda kutoka kazi ya chini hadi uhandisi mkuu. Imani yake ilikuwa kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora, na kwamba njia hiyo yaweza kupatikana kwa kuigawanya kazi katika vitendo vidogo vidogo na kupima kila kitendo kwa saa, kama waamuzi wapimavyo mbio. Fundi afanye, kufikiri na kupanga kuwe kazi ya ofisi ya mipango.

Jenerali William Crozier, aliyekuwa mkuu wa idara ya zana katika jeshi la Marekani, alipendezwa na mawazo hayo, na tangu mwaka 1909 mpango wa Taylor ulianza kuingizwa Watertown. Haki itendeke: si yote yaliyoletwa yalikuwa mabaya. Bohari ilipangwa upya, zana ziliwekwa mahali pamoja na kutunzwa, na kazi zilianza kufuata utaratibu ulioandikwa. Katika karakana ya kukereza vyuma mpango uliingia bila fujo kubwa.

Lakini mwezi wa Agosti mwaka 1911 mtu mwenye saa alitumwa kwa wasubu chuma, wale wanaotengeneza kalibu za mchanga na kumimina humo chuma kilichoyeyushwa. Hawa ni mafundi wa jadi, na ujuzi wao umo mikononi na machoni. Kalibu ya leo si sawa na ya jana, maana unyevu wa mchanga hubadilika. Mpimaji hakuwa mtu wa kazi ile, na wasubu chuma waliuona muda alioupanga kuwa mdogo mno. Jioni ile walikutana, wakamwandikia mkuu wa kiwanda barua kueleza kwamba kupimwa namna hiyo kuliwadhalilisha, hali wao siku zote walikuwa wameitumikia serikali kwa uwezo wao wote. Kesho yake, tarehe 11 Agosti, fundi mmoja alikataa kupimwa, akafukuzwa. Na wenzake wakaweka zana chini wakatoka.

Mgomo wenyewe ulidumu wiki moja tu. Matokeo yake yalidumu miaka mingi. Bunge la Marekani liliunda kamati maalumu, na mwezi wa Januari mwaka 1912 Taylor mwenyewe alisimama mbele yake kuhojiwa kwa siku kadhaa. Mwaka 1915 Bunge lilikataza fedha za serikali zitumike kupimia mafundi kwa saa katika viwanda vya jeshi, na katazo hilo halikuondoka mpaka mwaka 1949.

Fikirini jambo hili. Mpango uliotayarishwa kwa miaka mingi ulivunjwa nguvu na siku mbili za kazi iliyofanywa bila maelewano. Ilikuwepo hesabu, ilikuwepo amri, na fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na wale mafundi kabla ya saa kutolewa mfukoni, akawaeleza nini kinakuja na kwa nini, kisha naye akasikiliza wanayoyajua juu ya mchanga wao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

SAA NYINGI SI KAZI NYINGI

Kosa la pili ni la kudhani kwamba mzigo wa kazi ukizidi, dawa yake ni kuongeza saa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya mabomu na risasi vya Uingereza vilifanya kazi usiku na mchana. Wanaume walikuwa vitani. Wanawake walijaza nafasi zao. Watu walifanya kazi siku saba kwa juma, na waliolalamika waliambiwa wawakumbuke ndugu zao walio katika mahandaki.

Mwaka 1915 serikali ya huko iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa zana za vita. Wachunguzi walikwenda viwandani, wakahesabu saa za kazi, na wakahesabu pia vitu vilivyotengenezwa. Waliona kwamba kazi ya Jumapili haikuleta faida iliyotazamiwa, kwa kuwa watu walifanya kwa siku saba kazi ambayo wangaliifanya kwa siku sita. Katika baadhi ya kazi, kama ile ya kukereza vifuniko vya fyuzi za mizinga, saa zilipopunguzwa idadi ya vitu vilivyotengenezwa kwa juma haikupungua, bali iliongezeka. Mtu aliyechoka huharibu kitu, akakirudia. Huumia, akaenda hospitali. Au husimama mbele ya mashine mikono ikienda na akili imelala.

Sisi tuliovaa sare tunalijua jambo hili kwa zamu za ulinzi. Hakuna kamanda mwenye akili awezaye kumweka askari mmoja lindoni saa ishirini na nne, kisha akategemea macho yake. Ajabu ni kwamba kamanda huyo huyo atamweka fundi chini ya lori usiku kucha, na asubuhi atalipanda lori lile bila kuuliza kama breki zimefungwa sawasawa.

KAMBA YA KUSIMAMISHA KAZI

Sasa twende Japani. Mwishoni mwa mwaka 1949 kampuni ya magari ya Toyota ilikaribia kufilisika. Mabenki yalikubali kuiokoa kwa masharti magumu, na mwaka 1950 kampuni ilitaka kupunguza wafanyakazi. Ulizuka mgomo mkubwa. Ulipokwisha, zaidi ya watu elfu moja walikuwa wameondoka, na Kiichiro Toyoda, mwanzilishi wa kampuni, naye alijiuzulu. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo vita vilizuka Korea, na muda si muda jeshi la Marekani likaanza kuagiza malori kwa Toyota. Tazameni shida ilivyokuwa: watu wamepungua, fedha hakuna, na kazi imefurika ghafla.

Aliyekuwa msimamizi wa karakana ya kukereza vyuma aliitwa Taiichi Ohno. Bwana Ohno alikuwa amekwisha ona ugonjwa wa kiwanda chake. Nusu ya kwanza ya mwezi watu walingojea vipuri vikusanyike. Siku za mwisho za mwezi walikimbizana kuunga magari. Yaani karakana ilijaa vitu vya nusu nusu kama uwanja wangu ulivyojaa magari.

Tangu mwaka 1947 alikuwa ameanza kupanga mashine upya. Desturi ya zamani ilikuwa mtu mmoja na mashine moja, na fundi alisimama akitazama chuma kikikatwa. Ohno aliziweka mashine karibu karibu, ili mtu mmoja aweze kuhudumia mbili, na baadaye tatu au nne. Mafundi wa zamani walipinga, maana kila mmoja alijivunia ufundi wake mmoja, na ilimbidi aende nao kwa subira ya miaka, si ya majuma.

Kisha alileta kadi. Kwa lugha yao kadi hiyo huitwa kanban. Ohno alipata fikira yake katika maduka makubwa ya Marekani, ambamo mnunuzi huchukua anachotaka, na mwenye duka hujaza kile tu kilichochukuliwa. Katika karakana yake, kuanzia mwaka 1953, sehemu ya mbele ilipotumia vipuri ilirudisha kadi nyuma, na sehemu ya nyuma ilitengeneza idadi ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, wala haikuongeza. Pasipokuwa na kadi, hapana kazi mpya ianzishwayo. Hivyo kazi haikuweza kujazana.

La mwisho ndilo la kushangaza zaidi kwa mtu wa jeshi. Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro, alikuwa amevumbua kitanda cha kufumia nguo ambacho husimama chenyewe uzi ukikatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Ohno aliichukua fikira hiyo akaipeleka kwa watu. Mfanyakazi yeyote akiona kosa, hata akiwa wa cheo cha chini kabisa, ana ruhusa ya kuvuta kamba. Taa huwaka, msimamizi huja, na kosa lisiporekebishwa upesi mstari mzima husimama. Mwanzoni kazi ilisimama mara nyingi. Lakini kila kosa lilipotafutiwa shina lake, likang'olewa, vituo vilipungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nisieleweke kwamba mpango huo hauna lawama. Mwandishi Satoshi Kamata alijiunga na Toyota kama kibarua wa msimu mwaka 1972, na mwaka 1973 alitoa kitabu kinachosimulia uchovu na upweke wa watu waliokimbizwa na mstari wa magari. Mpango mwema huwa mwiba mikononi mwa anayeutazama mwendo wa mashine akasahau mwendo wa moyo wa mtu.

HESABU YA UWANJA

Kuna hesabu moja ambayo ningalitamani kila luteni aipewe pamoja na nyota yake. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha jambo hili: idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na vitu vinavyotoka kwa siku, mara siku ambazo kila kimoja hukaa. Hesabu ni fupi, lakini imebeba mengi.

Chukua karakana imalizayo magari matatu kila siku. Ikiwa uwanjani mna magari thelathini, kila gari litakaa wastani wa siku kumi. Ukiyazuia mengine nje na kuacha kumi na mawili tu, huku mafundi wakimaliza matatu kwa siku kama kwanza, kila gari litakaa siku nne. Hukuongeza fundi, hukuongeza saa, wala hukumfokea mtu. Umefunga lango tu. Na ukweli ni kwamba mafundi watamaliza zaidi ya matatu, kwa kuwa hawatapotezeana tena spana na vipuri.

Wenzangu wa polisi wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Mpelelezi mwenye majalada thelathini mezani, akifungua kila moja kidogo kidogo, ataona mashahidi wanahama, vielelezo vinapotea, na walalamikaji wanarudi kila Jumatatu kuuliza swali lile lile. Yapo majalada yasiyoweza kungoja, na sheria ina muda wake. Lakini mkuu wa kituo anayejua kugawa kazi atamwambia mpelelezi wake, "Haya matano kwanza, mpaka mwisho," na yale mengine atayashika yeye mwenyewe, ajue yako wapi na yanangoja nini. Mshika mbili moja humponyoka.

KUFUNDISHA NI KAZI YA MSIMAMIZI

Mtu aweza kuuliza: je, nikiwa sina mafundi wa kutosha? Swali hili waliulizwa Wamarekani mwaka 1940, walipoona vita vinakuja na viwanda vyao vinajaa watu ambao jana walikuwa wakulima na wauza maduka. Walianzisha mpango wa mafunzo ndani ya viwanda, uliodumu mpaka mwaka 1945 na kuwafikia zaidi ya watu milioni moja na nusu. Hawakuwafundisha wafanyakazi wote mmoja mmoja. Waliwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha.

Hatua zao zilikuwa nne. Kwanza, mwandae mtu: mtulize, uliza anajua nini. Pili, mwonyeshe kazi, hatua moja moja, na sababu ya kila hatua. Tatu, mwache aifanye mbele yako huku akieleza kwa kinywa chake. Nne, mwachie kazi, lakini mwambie ni nani wa kumwuliza, na upite kumtazama. Mkufunzi yeyote wa bunduki atatambua kwamba ndivyo afanyavyo kila siku. Basi kwa nini akifika karakanani humtupia kijana kisanduku cha zana na kumwambia atazame wenziwe?

Mpango ule uliwafundisha wasimamizi pia mambo yahusuyo moyo wa mtu: mjulishe kila mmoja kazi yake inaendaje, msifu anapostahili, na umsifu papo hapo, waambie watu mapema juu ya mabadiliko yatakayowagusa. Hili la mwisho, lau lingalifuatwa Watertown mwaka 1911, huenda mpimaji na saa yake wangalipokewa kwa salamu. Baada ya vita mafunzo hayo yalipelekwa Japani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Toyota ilikuwa miongoni mwa walioyapokea.

MWISHO WA KISA CHANGU

Narudi karakanani kwangu. Siku ile, baada ya sajini kusema neno lake, nilimwomba aketi. Tulizungumza kwa saa nzima, naye alinieleza mambo ambayo yalikuwa kichwani mwake tangu siku ya kwanza, lakini sikumwuliza. Tulirudisha stata katika gari la wagonjwa kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Kisha tuliyatoa magari yote nje, tukayafunika maturubai, tukaingiza sita tu, mafundi wawili wawili kwa kila gari, mkongwe na kijana. Lilipotoka moja, liliingia moja. Tulipiga marufuku kufungua kipuri cha gari moja kwa ajili ya jingine bila saini ya sajini. Ukutani tulitundika ubao mweusi ulioonyesha kila gari linangoja nini, na mimi kazi yangu ikawa kuusoma ubao ule kila asubuhi, kisha kwenda bohari kupigania vipuri vilivyokosekana.

Ilinipasa pia kuwakusanya mafundi na kuwaambia kwamba amri ya kwanza ilikuwa kosa langu. Nilifikiri heshima yangu ingepungua. Jioni ile fundi mmoja, koplo aliyekuwa hasemi, alinifuata kunionyesha njia ya kushusha gia boksi kwa nusu ya muda tuliokuwa tukitumia. Alikuwa ameijua kwa miaka miwili.

Siku ya ukaguzi uwanja ulikuwa mtulivu, hata mkaguzi akauliza kama leo ni siku ya mapumziko. Magari kumi na saba yalikuwa yanatembea. Tisa yalikuwa bado, na kwa kila moja tuliweza kueleza ni kwa nini. Sikupata sifa kubwa. Lakini gari la wagonjwa liliwaka kwa ufunguo wa kwanza, na dereva wake alikuwa yule yule askari tuliyembeba kwa machela usiku ule hadi barabara kuu.

Basi, ndugu askari na polisi, yeyote aliyepewa watu na kazi asihesabu mangapi yameanza; ahesabu mangapi yamekwisha. Na kabla ya kutoa amri ya pili, amwulize sajini wake.